Tindikali na alikali: elimu inayookoa maisha machimboni



Wilaya yetu ya Nzega inajulikana kwa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Golden Pride, pale Lusu, ulianza uzalishaji mwaka 1998 na kuusitisha mwaka 2014. Wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi. Baada ya kukamata dhahabu kwa zebaki, mchanga unaobaki, yaani marudio, huchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Tunapozungumza na vikundi, wengi huuliza kwa nini chokaa humwagwa kwenye mabwawa ya sayanaidi. Jibu lake linaanzia jikoni.

Tindikali na alikali ni nini?

Ndimu, ukwaju na maziwa mgando vina tindikali, ndiyo maana ni vichachu. Magadi, majivu na chokaa ni vya upande wa pili, alikali, na maji yake huteleza vidoleni. Katika maji, tindikali hutoa chembe ndogo sana za haidrojeni, na alikali huzinyaka. Vikichanganywa, kimoja hupunguza nguvu ya kingine.

Nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Ndimu ni kama 2, na maji ya betri ni chini ya 1. Maji ya magadi hufika kama 11, na ya chokaa kama 12. Kila hatua moja ni tofauti ya mara 10. Hivyo kushuka kutoka 11 hadi 9 ni badiliko la mara 100.

Unaweza kujionea nyumbani. Chemsha maua makavu ya choya, yapoe, ugawe katika vikombe viwili. Tia ndimu kimoja, magadi kingine. Cha ndimu kitabaki chekundu. Cha magadi kitapoteza wekundu na kuelekea buluu au kijani.

Kwa nini chokaa?

Sayanaidi hutulia ndani ya maji pale tu yanapokuwa na alikali ya kutosha, pH ya 10 hadi 11. Ikishuka hadi karibu 9, zaidi ya nusu ya sayanaidi hunyaka haidrojeni na kugeuka kuwa sumu inayoweza kutoka kama hewa. Sumu hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu, na mchana wa Nzega mara nyingi hupita hapo. Ni sumu ile ile ya muhogo mchungu, lakini hapa ni nyingi na huua kwa dakika chache. Tusitegemee pua, kwani wapo watu wasioweza kabisa kuinusa.

Kwa hiyo anayebana matumizi ya chokaa anahatarisha maisha ya watu. Mvua nayo hupunguza nguvu ya alikali. Vilevile mawe yenye salfa, yakipata hewa na maji, hutengeneza tindikali yenyewe. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara, Tarime, yalivuja hadi mto Tigithe, ambao wananchi waliutegemea.

Tunashauri yafuatayo:

1. Pima pH kila siku, na tena baada ya mvua. Karatasi za kupimia si ghali.

2. Tindikali yoyote, pamoja na maji ya betri, isihifadhiwe chumba kimoja na sayanaidi.

3. Mabwawa yazungushiwe uzio, watoto na mifugo wasifike. Chokaa haiondoi sumu. Huizuia tu isitoke kama hewa.

4. Mtu akianguka karibu na bwawa, usimkimbilie bila kinga. Asipulizwe hewa mdomo kwa mdomo, maana sumu itamwingia anayepuliza. Apelekwe hospitali mara moja.

5. Aliyemwagikiwa tindikali au chokaa aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika 20, hasa machoni. Usimpake magadi wala ndimu ukidhani unapoza. Vikikutana juu ya ngozi huleta joto na kuongeza jeraha.

Tunawaomba viongozi wa vikundi wasome makala hii kwa sauti katika mikutano yao, ili hata asiyejua kusoma ajue kazi ya ile chokaa.