Namna ya Kutengeneza Meli Ndogo ya Vita kwa Resini

Tangu mwezi jana wengi wanasimama kwa dirisha la labo na kuuliza: ile kitu ya rangi ya majivu iko nini? Ni meli ya vita Königsberg ya Wajerumani, ile iliyozamisha meli Pegasus ya Waingereza kule Zanzibar tarehe 20/9/1914. Kiisha ikajificha katika mto Rufiji, na mwisho wake ukawa kulekule, tarehe 11/7/1915.

Wengine wanasema: inatuhusu nini, sisi watu wa ziwa? Inatuhusu sana. Wajerumani walitoa mizinga yake majini, na mmoja wakaufunga juu ya Graf von Götzen, huku kwetu Tanganyika. Götzen yenyewe waliizamisha wao wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba, jina ambalo kila mtu wa ziwa analijua.

Sasa kazi. Meli ya kweli ilikuwa na urefu wa metri 115,3. Yetu iko kwa eshele ya 1/350, basi mugawanye: inabaki sentimetri 33 hivi. Mzinga wa metri 4,2 unakuwa milimetri 12. Baharia mwenye metri 1,75 angekuwa milimetri 5, mfupi kuliko punje ya mchele!

Resini si plastiki ile ya kawaida. Ni maji mawili yanayochanganywa na kumwangwa ndani ya kalibu ya silikoni, na kwa dakika chache yanakuwa magumu. Kalibu ya namna hiyo inachakaa upesi, kiisha kutoa vipande makumi tu, si maelfu kama kalibu ya chuma. Ni kwa sababu hiyo bei iko juu, na kipande kikipotea hakuna kingine. Muhurumie sakafu ya labo, musifagie bila kutuita.

Kwanza tunaosha vipande vyote kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta ya kalibu yanazuia rangi kushika. Kiisha tunakata kwa msumeno mdogo yale mabonge yaliyobaki pale resini ilipoingilia. Kipande kilichopinda tunakitia katika maji ya moto, tunakinyoosha na vidole, kiisha haraka ndani ya maji baridi. Vitundu vya mapovu tunaviziba.

Kwa kole, ile ya kubandika modeli za plastiki haifai kabisa, maana inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na resini haiyeyuki nayo. Tunatumia kole ya haraka, tone moja kwa ncha ya sindano. Ngazi na vizuizi vya pembeni ni shaba ya njano nyembamba sana, inakunjwa kwa penseti. Hapo mtu anajifunza uvumilivu, hata asiyeutaka.

Neno moja ni la lazima. Vumbi la resini linaumiza mapafu. Kwa hiyo tunapiga msasa katika maji tu, dirisha wazi, kitambaa kwa pua, na meza inapanguzwa na kitambaa kilicholowa. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, mukifukuzwa wakati wa msasa, si kiburi cha wakubwa. Siku ya rangi mutakuja wote.

Milingoti ya resini tumeiacha ndani ya sanduku. Kwa joto letu kitu chembamba hivyo kinalegea na kuinama, basi tunaweka waya wa shaba. Bomba tatu za moshi zimekwisha kusimama. Inabaki mizinga kumi, na kila mmoja una vipande vyake. Mwenye wembe mupya nyumbani, tafadhali atuletee.