UKURASA WA AFYA: Sinia la Noeli – Nyama, Jibini na Usalama wa Wageni Wetu



Noeli inakaribia. Huko Mabamba, kama ilivyo Kibondo na Kasulu nzima, watu wameanza kujiandaa. Watoto wanaosoma mbali wanarudi nyumbani, na ndugu wa Kigoma mjini, Tabora na Dar es Salaam wanapanda mabasi. Mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba anajua siku zake zinahesabika. Hakuna ubaya katika hayo. Kumkaribisha mgeni kwa chakula kizuri ni desturi yetu Waha, tena ni desturi ya Biblia. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Ibrahimu aliwapokea wageni watatu chini ya mti, akawaandalia mikate, maziwa, siagi na nyama ya ndama. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, kijana Daudi anatumwa na baba yake apeleke jibini kumi kwa mkuu wa kikosi cha askari elfu. Sinia la nyama na mazao ya maziwa basi si jambo geni lililoletwa na Wazungu wa mjini. Ni chakula cha wafugaji wa tangu zamani, nasi tu wafugaji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunaongeza: na mgeni mwenyewe naye apone. Sikukuu isiyoangaliwa vizuri huishia kwenye benchi la zahanati, watu wakitapika na kuhara, na mara nyingine mtoto mdogo anapotea. Katika ukurasa huu tutaeleza namna ya kuandaa sinia la sikukuu ambalo litafurahisha macho na tumbo, bila kuleta msiba.

MNYAMA GANI ACHINJWE?

Anayechinjwa ni mnyama mzima, anayesimama, anayekula na kutembea vizuri. Hili tunalisema kwanza kwa sababu karibu na sikukuu hutokea nyama ya bei ya chini sana, na wengi hawaulizi imetoka wapi. Mabamba iko karibu na mpaka wa Burundi. Mbuzi au ng'ombe anayeuzwa leo mnadani huenda ametembea kutoka mbali, na historia yake haijulikani.

Mnyama aliyekufa ghafla asiliwe hata kidogo. Huenda amekufa kwa kimeta. Mara nyingi mnyama wa kimeta hutokwa na damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja. Ukiona hivyo usimchune wala usimpasue. Ukimpasua, vijidudu vinapata hewa na kujitengenezea ganda gumu, na katika hali hiyo vinaweza kukaa ardhini miaka mingi vikingoja ng'ombe mwingine. Aliyemchuna anaweza kupata kidonda chenye kigaga cheusi mkononi, na aliyekula nyama anaweza kufa. Usidanganyike kwamba kuchemsha sana kutaondoa hatari. Mwite afisa mifugo, naye ataonyesha jinsi ya kumchoma au kumfukia katika shimo refu. Ni hasara kubwa kumzika ng'ombe, tunajua. Lakini kumzika mtu ni hasara kubwa zaidi.

Nyama ikaguliwe kabla ya kugawanywa. Wengine husema, "Siku ya Noeli afisa mifugo hapatikani." Basi tupange naye mapema. Jumuiya Ndogondogo moja inaweza kuchangia ng'ombe mmoja, au familia kadhaa zikachinja mbuzi wao mahali pamoja, saa moja, ili mkaguzi afanye kazi yake kwa safari moja. Viongozi wa jumuiya na akina mama wa WAWATA wanaweza kulifanya hili bila gharama kubwa.

NYAMA YA NGURUWE NA KIFAFA

Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu hupata mayai ya tegu. Ndani ya mwili wake mayai hayo huwa vifuko vidogo vyeupe katika nyama, mfano wa punje za mchele au mtama. Nyama yenye vifuko hivyo isiuzwe wala isiliwe. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni.

Hatari haiishii hapo. Mwenye tegu hutoa mayai katika choo chake. Asiponawa mikono, mayai hayo huingia katika chakula chake mwenyewe na cha wengine, hata cha wale wasioonja nyama ya nguruwe kamwe. Yakifika kwenye ubongo huweza kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo yenye tegu huyo, visa vya kifafa vinavyotokana naye hufikia asilimia 30. Wengi hudhani kifafa ni uchawi au laana, kumbe chanzo chake kingine ni choo kisichotumika na mikono isiyonawiwa. Kwa hiyo: nguruwe afungiwe bandani, kila nyumba iwe na choo, mikono inawiwe kwa sabuni, na nyama ya nguruwe ipikwe mpaka isiwe na wekundu wowote ndani.

SUFURIA LA MKESHA

Tuje sasa kwenye kosa linalofanyika sana. Mbuzi anachinjwa tarehe 24 jioni. Mama anapika sufuria kubwa, kisha familia nzima inakwenda Misa ya mkesha. Sufuria linabaki jikoni limefunikwa, moto umezimika. Kesho yake baada ya Misa ya asubuhi linapashwa moto kidogo, na wageni wanaanza kula saa nane mchana.

Ni nini kimetokea usiku kucha? Vijidudu vinavyoharibu chakula hupenda uvuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi huzaliana upesi, na katika hali nzuri kwao idadi huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Kipo kijidudu ambacho mbegu zake hazifi hata nyama ikichemka. Sufuria kubwa linapopoa polepole, mbegu hizo zinaamka na kujaza mchuzi. Vipo vingine vinavyotoka kwenye vidonda vya mikono na puani mwa mpishi. Hivyo hutoa sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha tena. Nyama inaweza kunukia vizuri kabisa, na bado ikawa na sumu.

Dawa yake ni kubadili ratiba:

1. Mnyama achinjwe alfajiri ya siku yenyewe ya kuliwa, si jioni ya kuamkia.
2. Nyama ipikwe mpaka katikati ya pande ifikie walau nyuzi 70. Wengi wetu hatuna kipimo, basi tukate pande nene zaidi na kutazama: damu isionekane, na maji yanayotoka yawe meupe.
3. Iliyoiva iliwe kabla ya saa mbili kupita. Wageni wakichelewa, sufuria libaki juu ya mafiga likitoa mvuke, si kando ya moto.
4. Iliyobaki jioni igawiwe majirani ikiwa bado ya moto, kuliko kuilaza. Nyumba nyingi za vijijini hazina friji.
5. Nyama mbichi isiyopikwa siku hiyo ikatwe vipande vyembamba, itiwe chumvi na kukaushwa juu ya moto wenye moshi. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua, kwa hiyo tusitegemee jua.

Tukumbuke pia kisu na majani ya mgomba. Jani lililobeba nyama mbichi lisibebe nyama iliyoiva. Kisu kilichokata mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayowaangusha wengi.

JIBINI YA NYUMBANI

Wengi wetu tunasuka maziwa kwenye kibuyu na kupata siagi na mtindi, ila jibini tunaiona kama chakula cha hotelini. Si kweli. Huko Masisi, karibu na Goma katika Kongo ya Mashariki, wafugaji hutengeneza jibini iliyojulikana nchi nzima, na kazi hiyo ilianzishwa na watawa wa Kibelgiji. Hapa kwetu Tanzania, wafugaji wadogo wa Njombe nao wana kiwanda kinachotengeneza jibini. Jibini zao zinahitaji ujuzi na chumba cha kuhifadhia. Lakini ipo jibini nyepesi ya ndimu, ambayo mama yeyote anaweza kuitengeneza kwa saa mbili au tatu.

Mahitaji: maziwa mabichi lita 4, maji ya ndimu au limau nusu kikombe, chumvi kijiko kidogo kimoja, na kitambaa cheupe kilichochemshwa.

Namna ya kutengeneza: Chuja maziwa, yaweke motoni na kuyakoroga yasishike chini. Yakianza kuchemka na kupanda, yaepue. Mimina maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe huku, maji ya kijani hafifu kule. Yasipokatika, ongeza ndimu kidogo. Acha dakika 10. Mimina kwenye kitambaa, maji yachuruzike, kisha changanya chumvi. Kunja kitambaa, weka sahani juu yake na jiwe safi lililofungwa katika mfuko safi. Baada ya saa moja au mbili utapata jibini ya kukatika kwa kisu, karibu nusu kilo. Yale maji usiyamwage, yafaa kupikia uji.

Jibini hii iliwe siku hiyo hiyo. Ni salama kuliko maziwa mabichi kwa sababu maziwa yamechemshwa. Maziwa yasiyochemshwa, pamoja na mtindi na siagi zinazotokana nayo, yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela, ule unaotupisha mimba ng'ombe. Kwa mtu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa malaria tena na tena bila kupona. Huweza pia kuharibu mimba ya mama. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa mabichi. Najua wapo wazee wanaosema maziwa yaliyochemshwa hayana utamu. Tunawaheshimu wazee wetu, na tunawaomba wachague uzima.

KULIPANGA SINIA

Chukua sinia kubwa au ungo safi, tandika majani mabichi ya mgomba yaliyooshwa na kupitishwa motoni. Upande mmoja weka nyama ya mbuzi iliyochomwa ikaiva, upande mwingine nyama ya ng'ombe iliyochemshwa. Katikati panga vipande vya jibini. Zungushia ndizi za kuchemsha, viazi, vipande vya parachichi, embe na nanasi, na bakuli la kachumbari. Anayependa aongeze dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokaangwa. Funika kwa kitambaa safi, maana mvua huleta nzi. Karibu na sinia pawe na maji ya kunawa yanayomiminwa, pamoja na sabuni. Beseni moja la kunawia watu wote halifai.

Matunda na mboga si pambo. Yanasaidia mwili kutumia madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na yanawafaa wale wasiopaswa kula nyama nyingi. Wenye shinikizo la damu wapunguze chumvi na mafuta. Wenye ugonjwa wa gauti wajihadhari na maini, figo na nyama nyingi, hasa ikifuatana na pombe.

NANI AANZE KULA?

Katika nyumba nyingi nyama choma huwafikia kwanza wanaume walioketi nje, na mama na watoto hupata mifupa na mchuzi. Lakini wanaohitaji nyama zaidi ni mama mjamzito, mama anyonyeshaye na mtoto mdogo, kwa ajili ya damu na kukua. Baba wa familia aonyeshe mfano: awapakulie wao kwanza. Mtoto akatiwe vipande vidogo vilivyoiva sana asije akapaliwa. Tumkumbuke pia mjane, mgonjwa na jirani asiye na kitu. Wilaya zetu zimewapokea wakimbizi kutoka Burundi kwa miaka mingi, hasa tangu 1993, na twajua maana ya kumgawia mwenye njaa.

AKIUGUA MTU

Mtu akihara na kutapika, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pakiti ya zahanati ni bora zaidi ikipatikana. Mtoto aendelee kunyonya. Mpeleke zahanati haraka ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyoingia ndani, mkojo kukosekana, au mtoto kulegea na kushindwa kunywa. Usingoje sikukuu iishe.

Wapendwa, Mwana wa Mungu alizaliwa mahali pa mifugo, akalazwa horini. Tuwatunze vizuri wanyama aliotupa, na tuwatunze zaidi watu tunaowaalika mezani. Kinga ni bora kuliko tiba. Tunawatakia nyote Noeli njema yenye afya na amani.