Mashine Moja Inayowafungia Wengi Mlango

Mimi ni fundi simu, na vijana ninaowafundisha kazi huniuliza kwa nini tajiri yeyote asijenge kiwanda cha chipu akashindana na wakubwa. Huwa naanzia kwenye mashine moja.

Inatengenezwa na kampuni ya ASML, mjini Veldhoven, Uholanzi. Ndani yake matone ya bati lililoyeyuka hupigwa leza mara 50,000 kwa sekunde, yakatoa mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo humezwa hata na hewa na lenzi, kwa hiyo hupita penye ombwe tupu, ukiongozwa na vioo vya Zeiss ya Ujerumani. Ndio unaochora njia za umeme za chipu za kisasa kabisa. Hakuna mwingine duniani anayeuza mashine hiyo. Nikon na Canon za Japani, zilizowahi kuitangulia ASML, hazikufika huko.

Bei yake inapita dola milioni 150, na kiwanda kinahitaji nyingi. Lakini fedha, naamini, si kizuizi kikubwa kuliko vyote. Watengenezaji wa chipu Intel walikuwa nazo tele, bado kizazi cha chipu zao kiitwacho nanomita 10 kikachelewa kwa miaka. GlobalFoundries, watengenezaji wengine wa chipu, waliacha mbio za kizazi cha nanomita 7 mwaka 2018. Kizuizi kikubwa ni ujuzi: kampuni ya chipu ya TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987, imejifunza kutokana na kila chipu iliyoharibika, na ujuzi wa namna hiyo hauuzwi dukani. Inanisikitisha, maana wazalishaji wakiwa wachache hivi, mnunuzi wa simu hana pa kukimbilia bei ikipanda.