Chumvi haipandishi moto wa sufuria

Leo nina barua ya mama mmoja wa Kihesa, Iringa. Ana mtoto wa miezi minane. Jirani yake amemwambia kwamba huku milimani maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha, kwa hiyo vijidudu havifi, na dawa yake ni kutia kijiko cha chumvi ili maji yapande moto. Mama anauliza kama ni kweli, na kama ampe mtoto maji hayo.

La mtoto nilijibu kwanza, maana halisubiri. Usimpe, mama. Figo za mtoto mchanga bado ni changa, haziwezi kuitoa chumvi nyingi mwilini kama zetu wakubwa. Chumvi unayokusudia imlinde yaweza kumlaza hospitali.

Sasa turudi kwa jirani. Jirani huyu hakusema uongo mtupu. Ameshika kweli mbili, akazifunga kamba moja, na hapo ndipo mzigo ulipopinda.

Kweli ya kwanza ni ya milima. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Dar es Salaam, kando ya bahari, hewa ni nzito, na maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 100 za Sentigredi. Iringa iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi zaidi, kwa hiyo maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 95. Mbeya, penye mita kama 1,700, ni nyuzi 94 na kitu. Na ukibeba birika mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, litachemka kwenye nyuzi 81 hivi, na chai yako itakuwa ya kulaumu.

Kweli ya pili ni ya chumvi. Nenda stendi yoyote ya mabasi, utazame mlangoni. Abiria wanataka kutoka, lakini mlango umejaa wapiga debe ambao hawana safari. Hawaendi popote, ila nafasi wameichukua. Chumvi ndani ya maji hufanya hivyo hivyo. Yenyewe hairuki na mvuke, inabaki, lakini inawapunguzia maji nafasi ya kutoka. Basi maji yanahitaji moto zaidi kidogo ndipo yachemke.

Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo hesabu ya jirani inapoanguka. Ili kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 tu, unahitaji gramu 58 za chumvi, yaani kama vijiko 10 vya chai vya kusawazisha. Kijiko kimoja katika lita 2 hupandisha nusu ya sehemu ya kumi ya uzi mmoja. Mstari mdogo kabisa kwenye kipimajoto cha homa ni mkubwa kuliko hapo. Na kama mama wa Kihesa angetaka maji yake yachemke kwa nyuzi 100 kama ya Dar es Salaam, angetia robo kilo na ushei kwa kila lita. Nani atayanywa?

Mahali ambapo nguvu hii ya chumvi ilionekana kweli ni Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, sehemu iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya mpaka Songwe ulipozaliwa mwaka 2016. Pale kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walichimba na kuandika mwaka 1968 kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi pale kwa kuchemsha maji hayo, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Maji yakipungua, chumvi inazidi kuwa nzito, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo moto wa kuchemkia unavyopanda. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa huchemka nyuzi 8 au 9 juu ya maji matupu. Lakini wazee wale walikuwa wakitafuta chumvi. Sisi tunatafuta maji ya kunywa.

Na vijidudu je? Maziwa huko viwandani hupitishwa kwenye nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, na vijidudu vya magonjwa vinakufa. Nyuzi 95 za Iringa zinatosha na kubaki. Subiri maji yatokote kwa nguvu, yaache dakika moja. Kwa wale wanaoishi juu ya mita 2,000, waache dakika 3. Kisha funika, yapoe, uyaweke kwenye chombo safi, maana maji mengi huchafuliwa na kikombe kinachochovywa ndani baada ya moto kuzimwa.

Pale ambapo zile nyuzi 5 zilizopungua zinauma kweli ni kwenye maharage na mfuko wa mkaa. Mimi nilipohamia Mbeya kutoka Dar es Salaam nilikuwa kapera. Maharage niliyoyazoea kuyapika jioni moja yakawa yananilaza na njaa. Siku moja nikatia chumvi kwenye maji yanayokaribia kuchemka, yakafoka povu papo hapo. Nikafurahi, nikidhani nimepata dawa! Kumbe zile punje zilikuwa zinayapa mapovu mahali pa kuanzia tu. Maharage yalibaki mawe, na mkaa ukaisha.

Aliyeniokoa ni mama wa chumba cha pili. “Baba, unayatesa maharage bure,” aliniambia. “Yaloweke tangu usiku, na chumvi yako uitie huko huko kwenye kulowekea.” Nilimbishia, naye alikuwa sahihi. Ganda la harage hushikwa imara na madini ya chokaa. Chumvi, maharage yakilowekwa usiku kucha, huingia na kuchukua nafasi ya chokaa hiyo, na ganda hulegea. Hapo moto haukuongezeka hata chembe. Lililobadilika ni harage lenyewe. Magadi hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi, ila ukizidisha utasikia ladha ya sabuni, na vitamini B1 nyingi inapotea. Nyanya na ndimu ndizo zinazochelewesha, kwa hiyo zisubiri mpaka maharage yaive.

Mwenye uwezo wa kununua presha kuka, anunue. Kifuniko chake kinaufungia mvuke ndani, na sufuria linapita nyuzi 100 hata likiwa Mbeya. Asiye nayo aloweke usiku, amwage maji yale asubuhi, apike kwa maji mapya na kifuniko juu.