Majani mekundu ndani ya akwariamu, na hatari ya jiwe la kijani

Kisenge, katika eneo la Dilolo jimboni Lualaba, inajulikana juu ya kitu kimoja: manganizi. Kwa miaka mingi jiwe hilo jeusi lilipanda treni kwenda bandari ya Lobito, Angola, mpaka vita ilipofunga reli ya Benguela mwaka 1975. Watu wachache wanafikiri kwamba madini hayo hayo yamo ndani ya kila jani la kijani. Jani linapopata mwangaza, chembe nne za manganizi pamoja na moja ya kalsiamu ndizo zinazopasua maji na kuachilia oksijeni. Ndani ya akwariamu kazi hiyo inaonekana kwa macho: vipovu vidogo vinatoka kwenye majani na kupanda juu.

Kati ya mimea ya akwariamu, ile ya shina lenye majani mekundu ndiyo migumu zaidi kutunza. Mmoja wao ni wa Afrika yetu: Ammannia senegalensis, unaoota penye maji maji na kwenye mashamba ya mpunga. Mimea hii inapenda mwangaza mkali, gesi ya kaboni, na maji yasiyo na chokaa nyingi. Kikikosekana kimoja, majani ya chini yanaanguka na wekundu unapotea.

Maji ndiyo mwanzo. Mkaaji wa Uvira au Kalemie akichota Tanganyika, anapata maji ya pH karibu 9, mazuri kwa samaki wa ziwa lile lakini magumu kwa mimea hii. Ziwa Kivu nalo ni hivyo hivyo. Maji ya mvua ni laini, na kuyachanganya nusu kwa nusu na ya robine kunasaidia. Lakini mvua ya kwanza, inayoosha vumbi la bati, iachwe ipite.

Taa iwake saa 8 kwa siku, si zaidi, kwa sababu mwangaza mrefu unaleta uchafu wa kijani. Gesi ya kaboni inaweza kutengenezwa nyumbani: chupa ya lita 2, kikombe kimoja cha sukari, robo kijiko cha chachu ya mkate na maji ya vuguvugu. Mpira mwembamba unapeleka gesi kwenye chupa ndogo ya pili, ili povu lisiingie kwa samaki, halafu ndani ya akwariamu. Inafanya kazi karibu wiki mbili. Samaki wakianza kuvuta hewa juu ya maji, gesi imezidi: mpira utolewe na maji yakorogwe.

Halafu kuna chakula. Jani jekundu linahitaji chuma, na manganizi kidogo sana. Je, mtu wa Kisenge atie jiwe la manganizi ndani? Hapana, haisaidii. Jiwe lile karibu haliyeyuki katika maji yenye hewa, na manganizi ikizidi inazuia mmea kupokea chuma. Udongo mwekundu wenye chuma, ukiwekwa kidogo chini ya mchanga uliooshwa, unatosha kwa mizizi. Udongo wa kichuguu hapana: Katanga mara nyingi una chokaa.

Hatari kubwa iko kwa jiwe lingine. Malakiti ya Kolwezi ni kijani, inapendeza, na wengine wanaona inafaa kupamba akwariamu. Kumbe malakiti ni shaba iliyoungana na kaboni, na maji laini yenye gesi ya kaboni nyingi ndiyo yanayoiyeyusha haraka. Yaani utunzaji ule ule unaopendeza majani unageuza pambo kuwa sumu. Konokono na kamba wadogo wanakufa kwanza, samaki wanafuata, na maji bado ni meupe kama kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo, udongo usichukuliwe kwenye vilima vitupu ambako miti haioti, wala maji kwenye mto unaopita chini ya machimbo. Pale ambapo miti yenyewe imeshindwa na shaba, mmea wa akwariamu hautaweza.

Mimea ikifika juu ya maji, ncha inakatwa na kupandwa tena, na shina la zamani linatoa matawi mawili. Mabaki yakaushwe juani au yachomwe, yasitupwe mtoni. Gugu maji lilipendwa kwa maua yake kabla ya kuenea katika mto Kongo miaka ya 1950, na baadaye likafunga njia za mitumbwi Ziwa Victoria. Mmea mzuri ndani ya kioo unaweza kuwa mzigo wa kijiji kizima ukishatoka nje.