Luanti: mchezo wa video usio na mwenyewe, na vita vya kuupatia ukurasa mzuri kwenye intaneti

Kuna mchezo wa video ambao hakuna kampuni inayouuza, na ambao kijana wa Bukavu, Kalemie ao Lubumbashi anaweza kuuchukua bila kulipa hata franka moja. Unaitwa Luanti. Hadi Oktoba 2024 ulijulikana kwa jina la Minetest. Kubadili jina kuliwaletea watu wa kujitolea wanaoutengeneza kazi isiyohusu milima, mapango wala nyumba za ndani ya mchezo: kupanga tovuti yao ili mgeni anayefika mara ya kwanza aelewe haraka ni kitu gani kiko mbele yake.

Kwa nje inaonekana kama kazi ya kupaka rangi tu. Lakini tovuti ndiyo mlango wa mchezo wa namna hii. Kampuni kubwa inalipa matangazo kwenye televisheni na kwenye simu. Kikundi cha watu wa kujitolea hakina feza za kufanya hivyo. Mgeni asipoelewa kwenye ukurasa wa kwanza, anaondoka, na mara nyingi harudi tena.

Ulianza kama jaribio

Historia yake ni fupi. Mwaka wa 2009, kule Sweden, Minecraft ilianza kujulikana: dunia ya vipande vya mraba ambavyo mchezaji anavunja na kupanga anavyotaka. Mwaka wa 2014 Microsoft ilinunua kampuni iliyoutengeneza kwa dola bilioni 2.5. Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 2010, Perttu Ahola wa Finland alianza kujenga kitu cha namna hiyo mwenyewe, kama jaribio. Ndiyo maana jina lake lilibeba neno la Kiingereza lenye maana ya jaribio.

Jaribio hilo lilikua. Ahola aliweka wazi maandishi ya programu, na wengine wakaanza kuongeza vyao. Lisansi yake, LGPL, inamruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa. Leo dunia moja ya Luanti inaweza kuenea karibu vipande 31,000 kutoka katikati kwenda kila upande, hata juu na chini. Programu inafanya kazi kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye simu za Android.

Lakini jina la zamani lilibaki mzigo. Nusu yake ilifanya watu wafikiri ni nakala ya Minecraft, na nusu nyingine ilifanya wafikiri haijamalizika. Jina jipya linaunganisha vitu viwili: neno la Kifini "luonti", lenye maana ya uumbaji, na Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazil mwaka wa 1993, ambayo wachezaji wanaitumia kuongeza vitu vipya kwenye mchezo.

Kubadili jina kuna bei yake. Video, masomo na maelezo yaliyoandikwa kwa zaidi ya miaka 10 yanataja Minetest. Anayetafuta jina hilo leo anapaswa kufikishwa kwenye anwani mpya bila kupotea, na akifika, aone mara moja kwamba ni kitu kilekile. Jina jipya zuri lisilo na alama za njia kutoka kwa lile la zamani lingewapoteza hata wale waliokuwa tayari wanaupenda mchezo.

Neno moja linaloleta ubishi

Shida ngumu zaidi ni ya neno. Je, Luanti ni mchezo?

Watengenezaji wanasema hapana, na wana haki. Luanti ni mtambo ambao michezo mingi inajengwa juu yake. Tangu toleo la 5.8.0, lililotoka Desemba 2023, programu haiji tena na mchezo ndani yake. Mtu akiisha kuiweka, anaingia kwenye ContentDB, yaani hazina ya michezo na nyongeza zilizotengenezwa na jamii, na kuchagua anachotaka. Kuna VoxeLibre, unaofanana sana na Minecraft. Kuna NodeCore, wa mafumbo, wenye sheria tofauti kabisa.

Sasa fikiria mtoto wa miaka 13 aliyeambiwa na rafiki yake kwamba kuna mchezo wa bure. Akikuta kwenye ukurasa maneno "huu si mchezo, ni mtambo", atafunga. Ukimwambia "ni mchezo", ataufungua na kukuta hakuna cha kucheza, kisha atasema umeharibika. Maneno yote mawili yanamfukuza, moja mlangoni, lingine akiisha kuingia ndani.

Njia ya kutoka hapo ni kumwonyesha kabla ya kumweleza. Picha za michezo mitatu ao mine inayotofautiana, zikiwa juu kabisa, zinasema kwa kutazama tu kwamba hapa kuna michezo mingi. Kisha maelezo ya hatua mbili karibu na kitufe cha kupakua: kwanza weka programu, halafu chagua mchezo. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayomzuia mtoto asiseme umeharibika.

Tena wageni hawafanani. Yuko anayetaka kucheza, yuko anayetaka kutengeneza mchezo wake, na yuko mwalimu. Kule Ufaransa, shirika la Framasoft, linalotetea programu huru, liliwahi kufungua seva yake kwa jina la Framinetest, na masomo yalikuwa kati ya matumizi yake. Ukurasa unaozungumza na hao wote kwa sauti moja hausikiwi na yeyote. Milango mitatu iliyoandikwa wazi inamsaidia kila mmoja.

Nakala zenye matangazo

Uhuru wa lisansi una upande mwingine. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kunakili, kwenye duka la Google Play kumeonekana kwa miaka mingi nakala za mchezo huu zenye majina mengine, zikiwa zimejaa matangazo ya biashara. Mchezaji anagonga kipande cha jiwe, tangazo linafunguka, na mega zinaisha. Wengi hawajui kwamba ule wa kweli hauna matangazo na ni wa bure.

Hapo tovuti rasmi inakuwa kinga. Inapaswa kuweka mbele viungo vya kweli, kwenye Google Play na kwenye F-Droid, duka la programu huru, bila kumlazimisha mgeni kupita kurasa tano. Kitufe kinachotambua kama mgeni anatumia simu ao ordinatere kinapunguza nafasi ya yeye kwenda kutafuta kwingine na kuangukia nakala.

Uzito wa ukurasa ni feza

Kwetu hapa, jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Watu wengi wanaingia kwenye intaneti kwa simu, na kwa mega walizonunua za siku moja ao za wiki. Picha ya mchezo iliyochukuliwa kwenye ordinatere bila kubanwa inaweza kuwa na mega 2 na nusu. Ikibanwa vizuri katika muundo wa WebP, inaweza kushuka hadi kilobaiti 300 bila jicho kuona tofauti kubwa. Ukurasa wenye picha 10 za namna hiyo unatoka mega 25 hadi mega 3.

Tena kuna mbinu ya kuiambia simu isipakue picha za chini mpaka msomaji azifikie. Inahitaji neno moja tu la nyongeza kwenye maandishi ya ukurasa. Video inayojifungua yenyewe inafanya kinyume: inakula mega za mtu ambaye hakuiomba.

Kuna pia suala la rangi. Maandishi ya kijivu juu ya picha ya mawingu yanapendeza kwenye ofisi ya Ulaya, lakini hayasomeki kwa anayeshika simu kwenye jua la saa saba mchana. Kanuni za kimataifa za WCAG zinaomba maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake. Ziliandikwa kwa kufikiria wasioona vizuri, lakini zinamfaa kila mtu anayesoma nje.

Nani anakata shauri?

Katika kampuni, mkubwa anasema na kazi inafanyika. Katika mradi wa jamii, mashauri yanatolewa hadharani, kila mtu ana ladha yake, na wengi wanajua kuandika programu kuliko kupanga kurasa. Ndiyo maana mabadiliko ya tovuti yanachukua muda mrefu. Mtu mmoja anataka picha kubwa, mwingine anataka maandishi mengi, na hakuna anayelipwa ili kumaliza ubishi. Kinachosaidia ni kuacha ladha na kutazama: mpatie ukurasa mtu asiyeujua mchezo, mwombe aupakue na aanze kucheza, nawe unyamaze. Pale anapokwama ndipo pa kutengeneza.

Jaribio hilo linaweza kufanywa Goma ao Uvira vizuri zaidi kuliko Helsinki, kwa sababu huku mtandao ni wa polepole na simu ni ndogo, na kasoro zinajionyesha mapema. Anayeziona anaweza kuziandikia jamii hiyo bila kuomba kazi wala kuonyesha diploma.

Kiswahili nacho kimo katika orodha ya lugha za programu hiyo. Tafsiri zinafanywa na watu wa kujitolea kupitia Weblate, chombo kinachofunguka kwenye intaneti bila kuhitaji kujua kuandika programu. Sentensi inayoeleza hatua mbili za kuanza kucheza, ikiandikwa kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Kindu anakielewa, ingempunguzia safari ya kwenda kuuliza, na pengine mega alizokuwa anapoteza kwenye nakala zenye matangazo.