"Affray": Hofu Iliyosahauliwa Ndani ya Sheria

Ukifungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania au ya Kenya kwa Kiingereza, utakutana na kosa liitwalo "affray". Kifungu chake ni kifupi: anayeshiriki kupigana mahali pa hadhara ametenda kosa. Wengi huishia hapo, wakadhani neno hilo maana yake ni ugomvi tu. Sivyo. Kwa karne kadhaa "affray" ilikuwa hofu, fadhaa na taharuki, na bila maana hiyo kosa lenyewe halieleweki vizuri.

Neno lina asili ya Kifaransa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ikawa ya watawala, na baadaye ya mahakama. Katika Kifaransa cha kale, "esfreer" ni kutisha. Wanaisimu hulirudisha nyuma zaidi, kwenye kiambishi cha Kilatini chenye maana ya kutoa na neno la Wafranki lenye maana ya amani, ndugu wa "Friede" la Wajerumani wa leo. Kumtia mtu "affray", basi, kulikuwa kumtoa katika amani yake.

Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alilitumia kwa maana hiyo ya hofu. Leo Mwingereza hasemi hivyo tena. Hata hivyo, kila siku hutamka "afraid", yaani mwenye kuogopa, ambalo kwa asili ni umbo la kutendwa la kitenzi "affray", yaani kutisha. Kitenzi kimekufa, umbo lake limebaki.

Sheria nayo ililishika. Amri ya Northampton ya mwaka 1328 ilikataza watu kutembea na silaha sokoni, kwenye maonyesho na mbele ya mahakimu wa mfalme kwa namna ya kuvuruga amani. Mwaka 1769 mwanasheria Mwingereza William Blackstone alieleza kwamba "affray" ni watu wawili au zaidi kupigana hadharani, raia wakaingiwa na hofu. Wakipigana faraghani, alisema, hilo ni shambulio, si "affray". Kilichotofautisha makosa hayo ni yule aliyekuwa akipita njia.

Chukua mfano wa stendi ya daladala. Makondakta wawili wanakunjana mashati. Muuza machungwa anaacha meza yake, wanafunzi wanakimbilia barabarani, mama anamkumbatia mwanawe na kujibanza ukutani. Hakuna aliyemgusa hata mmoja wao, lakini wote wametolewa katika amani yao.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inalitambua jambo hili waziwazi. Kipimo chake ni kama vurugu au tishio lingemfanya mtu mwenye uthabiti wa kawaida, lau angekuwepo, ahofie usalama wake. Maneno matupu hayatoshi kuwa tishio. Vifungu vyetu vinataja kupigana na mahali pa hadhara, hofu haitajwi.

Nawaomba wanaofundisha na kutafsiri sheria kwa Kiswahili wasiishie kwenye "kupigana hadharani". Waeleze pia kwamba kosa hili liliwekwa kwa ajili ya muuza machungwa na mama yule. Wanaopigana wanaweza kupatana jioni hiyo hiyo, lakini amani waliyoivunja haikuwa yao peke yao kuisamehe.